SG5 yangu inanipiga mgongo, mbona SJG ya shemeji ndiyo inanipita?

"Fundi, habari za kazi. Nina Subaru Forester XT (ile ya turbo), SG5 ya 2005, otomatiki, huu ni mwaka wa sita niko nayo hapa Nairobi. Shemeji yangu kaleta SJG ya 2015, ile XT ya CVT, otomatiki isiyo na gia. Jumapili tulizipima zote mbili kwenye kipande cha lami huku kwetu ambacho bado hakijafunguliwa, simu tukaielekeza kwenye dashibodi. Yangu ilifika 100 kwa sekunde 10.1, yake 8.3. Kinachonishangaza, ukikaa ndani yangu ndiyo inaskika kali, inakupiga mgongo kabisa, yake inapanda tu kama lifti ya hoteli. Mekanika wangu anasema turbo imechoka niweke kubwa. Mabeshte wanasema hizi za zamani ndizo turbo za ukweli na CVT ni takataka. Halafu tulipoenda Mombasa Disemba gari yangu ilikuwa kama si ile, ikawa nyepesi, nikadhani imejiponya, kurudi Nairobi ikarudi vile vile. Nimeiinua inchi mbili na nimeweka tairi 225/60/17. Niiuze nichukue SJG ama niitengeneze hii?"

Asante kaka kwa kuandika kwa kirefu, wengi hunitumia "gari haina nguvu shida nini" halafu kimya, sasa mimi nitajua vipi. Wewe umenipa karibu kila kitu, na vitu viwili vya maana kuliko vyote umevitupa mwishoni kama vile havihusiki, ile safari ya Mombasa na hizo tairi. Tutavifikia. Kwanza niseme nimekuelewa vipi: unataka kujua kama gari yako ni mgonjwa ama ndivyo ilivyoumbwa, na unataka kujua kama mgongo wako unakudanganya. Mgongo unakudanganya, ndio. Na gari yako huenda ina ugonjwa kidogo, lakini si ule alioutaja mekanika.

Tuanze na mgongo, maana hapo ndipo ubishi wote wa SG5 na SJG unapozaliwa. Mgongo hauna saa. Ukiwa kwenye kiti husikii spidi, na hata kule kuongezeka kwa spidi unakusikia kidogo tu, kinachokugonga ni pale msukumo unapobadilika ghafla. Mimi nimekulia pwani, nikupe mfano wa huko: dau likipigwa na upepo wa ghafla linaruka, mnashikana mikono, mnapiga kelele mnasema leo tunakwenda, na kando yenu kuna dau jingine limeshika kusi ya kutulia toka mwanzo, wale wamenyamaza kimya wanakula mihogo, na ndio wanaofika kwanza. SG5 yako ni lile dau la kwanza. Ukikanyaga kutoka taa inakuwa nzito, nzito, nzito, halafu raundi (mizunguko ya injini kwa dakika) zikifika elfu tatu na kitu turbo inaamka na yote inakuja mara moja, unalala kwenye kiti. Unakumbuka lile teke. Zile sekunde mbili za kungoja kabla ya teke huzikumbuki kabisa, lakini saa inazihesabu.

Sasa namba, na nakupa za Japani kwa sababu ndiko gari zenu zilikotoka. SG5 XT yako ina EJ20 ya turbo, farasi 220 kwenye raundi 5,600, na toki (ule msukumo wa kuzungusha) ni Nm 309 kwenye raundi 3,600. Iliyofuata ni SH5, ilitoka mwishoni mwa 2007, ile XT ya lita mbili ni farasi 230 na Nm 319 kwenye raundi 2,800. Halafu ndio ya shemeji, SJG, ilianza Novemba 2012, injini mpya kabisa FA20 yenye kumwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, farasi 280 na Nm 350 kuanzia raundi 2,000 mpaka 5,600. Watu wakisoma hizo wanakimbilia 220 na 280, farasi 60 hao, mambo yameisha. Mimi nakwambia angalia zile raundi. Ya kwako inapata msukumo wake wote kwenye 3,600. Ya shemeji tayari iko nao kwenye 2,000 na inaushikilia mpaka karibu na mwisho. Hiyo ndiyo tofauti unayoiona barabarani, hata kama farasi zingekuwa sawa bado angekutoka kwenye taa.

Imewezekana vipi? Turbo, ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, inazungushwa na moshi wa ekzosi, hilo unalijua. Kwenye EJ yako moshi wa silinda zote nne unakusanywa chini ya injini, unapanda na paipu mpaka nyuma upande wa juu ndiko turbo ilikokaa, safari ndefu kidogo, na njiani pumzi za silinda zinagongana. Kwenye FA20 wameishusha turbo wakaiweka chini mbele, karibu sana na pale moshi unapotokea, na ndani yake wameigawa njia mbili ili pumzi ya silinda moja isivuruge ya nyingine. Halafu kuna kompresheni, yaani silinda inavyoibana hewa kabla ya mafuta kuwaka. Injini za turbo za zamani zilipewa kompresheni ya chini ili zisigonge, yaani mafuta yasilipuke kabla ya wakati, sasa matokeo yake kabla turbo haijaamka unaendesha injini dhaifu kweli kweli, dhaifu kuliko hata Forester ya kawaida isiyo na turbo. FA20 kwa sababu mafuta yanaingia ndani ya silinda na kuipoza, wameweza kuipa kompresheni ya 10.6 na bado ikavumilia turbo. Kwa hivyo hata turbo ikiwa bado imelala, injini ya shemeji iko macho.

Hapo hatujagusa giaboksi, na wallahi giaboksi ndiyo inayokuumiza zaidi. Otomatiki yako ina gia nne tu. Gia ya kwanza uwiano wake ni 2.785, ya pili 1.545, hebu fanya hesabu: umevuta ya kwanza mpaka raundi 6,000, spidi iko 60 na kitu, inabadilisha, raundi zinaanguka mpaka kama 3,300. Hiyo iko chini ya 3,600, yaani umeangushwa chini ya pale injini yako inapokaa vizuri, halafu unaanza kupanda upya. Gari ya manuali yenye gia tano haianguki hivyo, ndio maana SG5 za manuali zina sifa zake na hazikuzipata kwa maneno matupu. Kuna ile Forester XT iliyouzwa Marekani 2004, injini lita 2.5 na gia za mkono, jarida la Car and Driver liliipima sufuri mpaka maili 60, ambayo ni kilomita 97, kwa sekunde 5.3. Gari ya umbo hilo hilo la kwako! Kwa hivyo mabeshte wako wanaosema "Forester ya zamani ni moto" hawadanganyi, ila wanaongelea gari nyingine, wewe una lita mbili na gia nne za otomatiki, usichukue sifa za jirani.

Na CVT je, ni takataka? Hapana bana. Tulizichukia CVT kwa sababu ya vile vigari vidogo ambavyo ukikanyaga vinapiga kelele kama blenda na haviendi. CVT haina gia, ina puli mbili zinazobadilika ukubwa na mnyororo wa chuma katikati, kwa hivyo inaweza kuiweka injini kwenye raundi zenye nguvu na kuiacha hapo hapo wakati spidi inapanda. Hakuna kuanguka mpaka 3,300. Hakuna teke pia, na ndio maana unaona lifti. Lifti hiyo hiyo imekuacha sekunde karibu mbili! Shemeji ana kitu kinaitwa SI-Drive, kile kitufe cha usukani chenye I, S na S#. Hakiongezi hata farasi mmoja, watu wanadhani ni kama nitro, kinachofanya ni kubadilisha jinsi gari inavyoupokea mguu wako, na kwenye S# CVT inajifanya ina gia nane ili nyinyi wapenda mateke mfurahi. Muulize siku ile alikuwa kwenye ipi. Kama alikuwa kwenye I, ile ya upole kuliko zote, jiandae.

Nisiisifu mpaka nikapitiliza lakini. CVT haipendi kuondoka kwa fujo, kompyuta inaibana injini sekunde ya kwanza ili mnyororo usiteleze, ndio maana pale mwanzo kabisa unaona kama mko sawa. SJG pia ni nzito, tani 1.6 hivi, yako ni 1.4 na kidogo. Uzito huo umekula sehemu ya zile farasi 60: ukigawa kilo kwa farasi, kila farasi wako anabeba kilo 6.5 hivi, wa shemeji 5.7. Tofauti ipo, ila si ya mbingu na ardhi kama watu wanavyoisimulia. Kule Ulaya SJ ya XT iliuzwa na farasi 240, na Subaru wenyewe waliandika sekunde 7.5 kufika 100. Hiyo ni gari mpya, barabara sawa, usawa wa bahari.

Usawa wa bahari. Haya, sasa Mombasa.

Hapa ndipo nilipotabasamu nikisoma barua yako, kwa sababu umefanya jaribio zuri kuliko mafundi wengi bila kujua. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 au 83 ya ile ya Mombasa, kila pumzi inayovutwa na injini ina oksijeni pungufu kwa asilimia kumi na kitu. Gari isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa karibu kiasi hicho hicho, hakuna ujanja. Mwenye turbo anaambiwa wewe usijali, turbo inafidia, na ni kweli, ila wanasahau kumwambia inafidia ikishaamka. Kabla haijaamka una injini ya lita mbili, kompresheni ya chini, inavuta hewa nyepesi, inatoa moshi kidogo, na moshi kidogo maana yake turbo inachelewa kuamka, na ikichelewa injini inaendelea kutoa moshi kidogo, unaona mzunguko ulivyo? Kwa hivyo lile zito zito zito la kwako Nairobi ni refu kuliko Mombasa. Na ikishaamka inalazimika kuzunguka zaidi ili ifikishe presha ile ile, ikizunguka zaidi hewa inatoka moto zaidi, hewa ya moto ni nyepesi, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikiona joto inarudisha taimingi (wakati wa plagi kuwasha mafuta) nyuma.

Ukateremka. Ukishapita Mtito Andei gari inaanza kupumua, ukifika Mombasa ina pumzi zake zote, hata kama kule kuna joto, maana joto la pwani linakunyang'anya asilimia tatu nne za hewa wakati kushuka kumekurudishia kumi na kitu. Haikujiponya kaka. Ilienda kwao tu. Gari ya shemeji nayo ingefaidika kule, ila kidogo kuliko yako, kwa sababu yake haina lile shimo la chini la kujazwa. Ndio kusema pengo lenu la Nairobi ni kubwa kuliko mngekuwa Nyali. Nimeyaona hayo mara nyingi, gari mbili zile zile, Nairobi zinaachana kabisa, pwani zinafukuzana.

Tairi sasa. Kiwandani SG5 XT inakuja na 215/55/17. Hiyo 225/60/17 uliyoweka ni kubwa kwa kipenyo karibu asilimia 5. Kwanza umeirefusha gia kwa asilimia 5, yaani zile gia nne zilizokuwa zimeachana sasa ni kama umezivuta tena. Pili, na hili ndilo linaharibu kipimo chenu chote, spidomita yako haijui kama umebadilisha tairi. Inahesabu mizunguko tu. Ikikuonyesha 100, ukilinganisha na spidomita ile ile ikiwa na tairi za kiwandani wewe uko 105. Kama za shemeji ni za kiwandani basi mlikimbia mbio za urefu tofauti, yeye alisimamisha saa kwenye 100 na wewe ukaendelea mpaka 105. Kwa gari yenye mwendo kama wako kutoka 100 mpaka 105 ni kama robo tatu ya sekunde. Toa hiyo kwenye 10.1 unabaki na 9.3 au 9.4. Ongeza na kwamba hizo tairi ni nzito na uzito wenyewe uko mbali na kitovu, ongeza ile keria ya juu na baa ya mbele kama unazo, na mabeshte wenye inchi mbili wote huwa nazo sijui ni sheria. Pengo la 1.8 sasa ni sekunde moja hivi.

Na sekunde moja, kaka, ndiyo tofauti ya haki kati ya hizi gari. SG5 otomatiki nzima na SJG XT nzima, hapa Nairobi, kwa nilizopitisha mkononi mwangu, ni sekunde moja na kitu kidogo. Kwa hivyo gari yako haijafa. Mkitaka kupima tena tumieni GPS ile ya kusoma mara kumi kwa sekunde, ya simu nyingi husoma mara moja tu kwa sekunde, na video ya dashibodi ni ya kufurahisha familia. Pimeni kila gari mara tatu kwenda na tatu kurudi, abiria sawa, mafuta ya kituo kimoja. Na isiwe Thika Road usiku, tafadhali, nimeshavuta gari za kutosha kutoka kwenye ile mitaro. Kiamburing TT, yale mashindano ya magari, barabara hufungwa watu wakakimbia kwa saa na ambulensi iko pale, nendeni huko muwaone wenye Subaru wenzenu.

Mekanika wako anasema turbo imechoka. Amepima nini? Swali hilo muulize kwa upole. Turbo ikichoka kweli inasema: inapiga mluzi wa kusaga, inatoa moshi wa bluu, ukiishika shafti inacheza, au oili imejaa kwenye paipu za kwenda intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo). Usichanganye na uvivu. Na hilo wazo la turbo kubwa, hapana. Kuna kijana alikuja kwangu na SG5 otomatiki kama yako, ameuziwa turbo kubwa kutoka kwa gari nyingine, akawekewa bila kubadilisha kitu kingine, kwenye barabara kuu baada ya 120 ilikuwa inatisha kweli, lakini kwenye taa alikuwa anapitwa na probox. Turbo kubwa inataka moshi mwingi ili iamke, Nairobi moshi ni kidogo, gia zake zinamwangusha mpaka 3,300 na turbo yake inaamka 4,000 na ushee. Kila gia inapobadilika analala tena. Tulirudisha ile ndogo akashukuru.

Ningekuwa na gari yako mbele yangu ningeanza na vitu vya bei ya chini. Plagi, zile za kiwango kinachotakiwa, maana zikiwa na pengo kubwa presha ya turbo inazizima kama mshumaa. Halafu moshi wa kutafutia matundu, unapulizwa kwenye paipu za hewa na ukitokea mahali ujue busti yako (presha ya turbo) inamwagikia hapo, na kwenye gari ya miaka 20 paipu za mpira na zile klipu ndizo mchawi namba moja, nimeona watu wamebadilisha turbo kumbe ni paipu ya intakula imepasuka chini ambako haionekani. Safisha sensa ya hewa. Angalia ile intakula yenyewe juu ya injini, mapezi yakiwa yamelala au yamejaa matope haipozi kitu, na kwa kuwa imekaa juu ya injini, foleni ya Mombasa Road inaichemsha, ukitoka hapo ukakanyaga lazima gari iwe nzito dakika kadhaa, hiyo usiite ugonjwa. Kataliti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ikiziba nayo inaibana turbo isipumue. Kuna EJ zenye kichujio kidogo ndani ya bolti ya oili inayolisha turbo, kikijaa turbo inakufa kwa njaa, mwambie akiangalie kabla hajauza mtu turbo. Oili ya giaboksi, ibadilishe kama hujawahi. Na mafuta: gari hizi zote mbili ziliandikwa zitumie premium ya Japani, ambayo kule pampu nyingi ni oktani 100 hivi, sisi huku hatufiki hapo, kwa hivyo weka ile ya juu unayoweza kupata, usipoiweka kontroli boksi inasikia injini ikigonga na kurudisha taimingi, nguvu zinapotea kimya kimya.

Baada ya hapo pima kompresheni, na uvujaji wa silinda kama fundi ana kifaa. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia kumi, simama, usiongeze busti hata kidogo, maana EJ udhaifu wake ni pistoni kupasuka pale kati ya ringi, na anayeiongezea presha injini ya namna hiyo anaimaliza. Zikiwa sawa na kila kitu kizima, marekebisho madogo ya kompyuta na mtu anayejua, akiwa anasoma kugonga kwa injini na mchanganyiko wa mafuta huku gari inaendeshwa, yatakufupishia ile zito zito kuliko turbo yoyote. Na urudi kwenye tairi za 215/55. Najua unapenda muonekano. Basi chagua, muonekano ama sekunde.

Uuze? Nikwambie ukweli, kama unachotaka ni kumshinda shemeji, uza, hutomfikia kwa pesa yenye akili. SJG XT ni gari bora ya kila siku, ina mnyororo wa taimingi badala ya belti yako ya kubadilisha kila kilomita laki moja, inakula kidogo zaidi ya ulivyotarajia lakini bado pungufu ya yako. Ila nayo ina yake. Ile oili ya CVT wanayosema ni ya maisha, maisha ya nani? Ibadilishwe, na iwe ile ile ya CVT ya Subaru, si ya duka la kona. Kwa kuwa mafuta yanamwagwa ndani ya silinda, vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, zinajenga kaboni na baada ya miaka gari inapoteza nguvu polepole usijue. CVT ikifa ni maumivu, otomatiki yako ikifa unapata nyingine bila kulia. Na kuleta moja kutoka Japani sheria yetu ya miaka minane inazifungia, utanunua iliyokwisha tumika hapa hapa, kwa hivyo historia yake ndiyo utakayoinunua.

Usidhani pia kila mpya ndiyo kali. SH5 ya katikati watu wanairuka, lakini ina gia nne zile zile za kwako na uzito zaidi, kwenye saa ni kama mko sawa ingawa inaamka mapema. Na Forester iliyoifuata ile ya shemeji, turbo ilikuja 2020 kwa lita 1.8, farasi 177 na Nm 300. Farasi 177! Chini ya hata yako ya 2005. Wale walitafuta kuokoa mafuta na moshi safi, hawakutafuta mateke, na kwa kuendesha mjini ni tamu sana.

Kuna dalili ambazo ukiziona usiniandikie, usipime tena, simamisha gari uite fundi aje ilipo: mlio wa chuma kugonga unaofuata raundi kutoka chini ya injini, taa ya injini inayomemeta wakati unaendesha, moshi wa bluu usioisha, au oili kupungua zaidi ya lita moja kila kilomita elfu. Taa ya joto la oili ya giaboksi ikimemeta kila unapopiga stati hiyo ni giaboksi inakuita, isomwe kwa mashine. Na kwa shemeji, CVT ikitetemeka wakati wa kuondoka au ikipiga raundi bila gari kusogea, asiendelee kushindana na mtu.

Wewe anza na moshi wa matundu na kompresheni wiki hii. Niandikie namba za silinda zote nne, na uniambie zilipimwa injini ikiwa baridi ama moto.